Nyota zote kwenye kioo, karatasini hasomi: utatuzi wa matatizo ya Kiebrania cha watoto kwenye kishikwambi

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au dada mkubwa aliyekabidhiwa watoto wa miaka mitano hadi minane, kishikwambi kimoja au viwili, na programu ya kufundishia Kiebrania iliyotengenezwa mbali na hapa. Nawafikiria watoto wa pwani ya kusini mashariki ya Unguja, wa Paje, Jambiani na Makunduchi. Asubuhi wako skuli, baada ya alasiri wako chuoni wakisoma Kurani, na katikati wanaletwa barazani kwa sababu mama au baba anafanya kazi hotelini na anataka mwanawe awe na lugha nyingine juu ya Kiingereza na Kitaliano.

Programu nyingi za namna hii zimetungwa kwa mtoto ambaye hajawahi kuona maandishi yanayoanzia kulia. Mtoto wetu si huyo. Anapokutana na alef kwa mara ya kwanza, alifu kwa ujiti anaijua zamani. Nukta anazijua, irabu anazijua, sukuni na shada anazijua. Kwa hiyo programu inapoteza wakati kumfundisha analolijua, kisha inamwacha peke yake pale anapokwama kweli, kwa sababu aliyeitengeneza hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukwama hapo. Sehemu kubwa ya matatizo ya hapa chini inatoka huko. Sehemu iliyobaki ni ya mashine tu.

Kabla ya yote, kaa na karatasi nyeupe na kalamu nene. Mtoto akikosea kwenye kioo, mwandikie herufi ileile kwa mkono umuulize. Akiisoma karatasini na kuikosa kwenye kioo, tafuta kasoro kwenye mashine au kwenye maelekezo ya mchezo. Akiipata kwenye kioo na kuikosa karatasini, mchezo unampa jibu kwa njia nyingine. Akikosa kote kuwili, hapo ndipo uanze kuchunguza herufi na sauti.

## Anapata nyota zote, ukimpa karatasi hasomi

Hili ndilo tatizo linalochelewa kuonekana kuliko yote, kwa sababu kila mtu anafurahi. Mtoto anagusa, kengele inalia, nyota zinamwagika, mama anapiga picha ya kumtumia bibi. Baadaye unamwandikia דג, samaki, herufi mbili tu, naye anakutazama usoni kana kwamba jibu limeandikwa hapo.

Anza na sauti. Programu nyingi hulitamka neno kabla mtoto hajagusa chochote. Mashine inasema "dag", chini kuna picha ya samaki, ya nyumba na ya mkono, mtoto anagusa samaki. Amefanya zoezi la kusikiliza, na zoezi hilo lina faida yake, lakini kusoma hakukuwepo. Zima sauti kabisa urudie zoezi lilelile. Alama zikiporomoka, umepata jibu lako: alikuwa anasoma kwa masikio.

Kama hazikuporomoka, chunguza mahali. Programu za bure mara nyingi hazichanganyi majibu. Jibu la swali la nne liko chini kushoto leo, na kesho litakuwa palepale. Mtoto aliyezoea kuhifadhi Juzuu Amma kwa nakala moja hukumbuka aya iko juu au chini ya ukurasa, upande gani, karibu na doa gani la wino. Kumbukumbu hiyohiyo anaitumia hapa bila nia yoyote ya kudanganya. Mpeleke moja kwa moja kwenye zoezi la katikati bila kupitia yaliyotangulia, uone. Kama programu haina njia ya kuchanganya majibu, itumie kutambulishia herufi tu. Ya kupimia haifai.

Halafu kuna kubahatisha. Picha zikiwa tatu, kila anapogusa ana nafasi moja kati ya tatu, na akikosa hapotezi kitu. Wapo watoto wanaoupenda mlio wa kukosea kuliko ule wa kupata, na huwezi kuwalaumu, unachekesha. Ukiweza, chagua kiwango chenye majibu sita au zaidi. Kama hakipo, weka kanuni ya barazani: anayekosa anampa mwenzake kishikwambi. Vidole vitatulia siku hiyohiyo.

Sababu ya mwisho ni sura ya herufi zenyewe. Programu za watoto hupenda herufi nene zenye rangi, bet ya buluu siku zote, gimel nyekundu siku zote. Mtoto anasoma rangi. Wakati mwingine kosa ni la mwalimu aliyepakua karatasi za mazoezi bila kuona kwamba zimeandikwa kwa hati ya mkono: Israeli watoto husoma herufi za chapa lakini huandika kwa hati nyingine, na alef ya mkono haifanani kabisa na א ya chapa. Kwa wanaoanza, shika chapa tu. Kila herufi mpya inayotokea kwenye kioo iandikwe siku ileile kwa chaki au kwa kidole mchangani, bila rangi, kubwa na ndogo. Kwa maoni yangu kishikwambi kikizidi theluthi moja ya kipindi, kipindi kimekuwa cha kishikwambi.

## Anachanganya dalet na resh, bet na kaf

Kwenye programu utaambiwa mtoto "anahitaji mazoezi zaidi". Hapana. Anahitaji kuambiwa atazame wapi.

Chuoni amefundishwa kuzitenga herufi kwa nukta. Be, te na the zina mwili mmoja, kinachozitofautisha ni nukta moja chini, mbili juu au tatu juu. Jimu, ha na kha ni hivyohivyo. Kwa hiyo macho yake yanakimbilia nukta kwanza, mwili wa herufi baadaye, na huo ni ujuzi aliousotea. Kiebrania kinamgeuzia kibao. Dalet ד na resh ר hazina nukta ya kuzitenga. Tofauti iko kwenye kona ya juu kulia, ambayo kwa dalet ni kali na imetokeza kidogo, kwa resh imepinda. Bet ב ina kisigino kilichotokeza chini kulia, kaf כ imeviringwa. Mguu wa kushoto wa he ה haugusi dari, wa het ח unagusa. Samekh ס ni ya mviringo, mem ya mwisho ם ina pembe. Vav ו, zayin ז na nun ya mwisho ן zote ni vijiti: zayin kichwa chake kimetokeza pande zote mbili, nun ya mwisho inashuka chini ya mstari.

Usimwambie "angalia vizuri". Anaangalia vizuri sana, ila mahali pasipo. Zipe sehemu hizo majina ya Kiswahili, kona, kisigino, mguu, dari, na umfuatishe kwa kidole. Programu nyingi hufundisha kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo dalet inakuja ya nne na resh ya ishirini. Hazikutani mpaka mwishoni, na kosa linakuwa limejificha muda wote huo. Zikutanishe wewe karatasini mapema.

Nukta nazo zipo, ila zina kazi nyingine, na hapa ndipo mtoto mwenye akili anapokosea kwa sababu ya akili yake. Anaona בִ, herufi yenye nukta moja chini, na anasema "be!" kwa uhakika. Ile nukta ya chini ni irabu ya i, na bet isiyo na nukta tumboni hutamkwa v. Jibu ni "vi". Nukta ikiingia tumboni, בּ, ndipo inakuwa b. Mchezo huo wa nukta ya tumboni hubadilisha sauti za herufi tatu tu katika Kiebrania cha leo, bet, kaf na pe: v na b, kh na k, f na p. Utaiona pia ndani ya dalet, gimel au tav, lakini huko haibadilishi kitu, na ni vizuri kumwambia mtoto hivyo kabla hajauliza. Shin inayo nukta ya juu: ikiwa kulia ni sh, ikiwa kushoto ni s, nayo huitwa sin.

Ukiweza kuchagua masomo, ahirisha bet, kaf na pe. Dag (samaki), yad (mkono) na yam (bahari) yanasomeka bila kuzihitaji, na ni maneno ambayo mtoto wa pwani anayaona kabla ya chai ya asubuhi.

## Anaunganisha herufi, au anauliza "ya katikati" iko wapi

Anatarajia kila herufi iwe na sura ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kama za Kiarabu. Za Kiebrania husimama mbalimbali, na ni tano tu zinazobadilika zikiwa mwishoni mwa neno: ך ם ן ף ץ. Mwambie hivyo mara moja. Kwa mtoto aliyepitia chuoni hiyo ni habari njema.

Somo la programu la kuelekeza kulia kwenda kushoto liruke. Kinachomchanganya ni vitufe: maandishi yanakwenda kushoto, lakini mshale wa "mbele" kwenye baadhi ya programu unaelekea kulia na kwenye nyingine kushoto. Gundisha karatasi ndogo ya rangi pembeni mwa kishikwambi, upande wa kwendea mbele.

## Kwenye mchezo wa kupanga herufi anaweka alef, bet, tav

Mashine inapiga honi ya kosa, mtoto anarudia vilevile kwa sauti ya juu zaidi. Anapanga kwa hijai: alifu, be, te. Kiebrania kinafuata mpangilio wa abjadi. Ukiuliza mzee yeyote aliyesoma chuoni zamani akutajie abjadi, hawazi, hutwi, kalamani, atakuwa amekutajia alef, bet, gimel, dalet, he, vav, zayin, het, tet, yod, kaf, lamed, mem, nun, bila kujua. Sa'fasi na karashati zinakamilisha hadi tav, herufi 22. Kiarabu kinaongeza sita mwishoni kufika 28.

Kwa hiyo usisahihishe kwa kusema "si hivyo". Mwambie huu ni mpangilio wa abjadi, na kama maalimu wake anaijua, amwombe amfundishe. Watoto wengi wataijifunza kwa wimbo baada ya kuisikia mara chache, na maalimu naye hatakuwa na wasiwasi tena kuhusu kinachofanyika barazani kwako.

## "Shalomu", "yadi", "dagi"

Mtoto anaongeza irabu mwishoni kwa sababu Kiswahili hakipendi neno kuishia kwenye konsonanti. Programu haina dawa ya hili, itaendelea kumrudishia sauti ileile bila kumweleza. Wewe unayo. Mwambie aweke sukuni, au asimame kama anavyosimama mwisho wa aya. Anajua hasa unachosema. Kwenye ים (yam) anaifunga midomo kwa m na haifungui tena.

Sauti zenyewe si ngumu kwake. Kha anayo, v, p na g ya "gari" anazo kutoka Kiswahili ingawa Kiarabu cha chuoni hazimo. Inayokosekana ni ts ya tsadi צ. Ataitamka kama swadi. Mwambie aseme "it" na "si" polepole, kisha aziharakishe mpaka t na s ziwe pigo moja.

## Anatamka "lechemu", ch kama ya "chai"

Neno ni "lechem", mkate, naye amesoma herufi za Kilatini zilizoandikwa chini yake. Waandishi wa programu hizo hutumia ch kuonyesha sauti ya kha, kama ilivyozoeleka Ulaya na Marekani. Mtoto aliyejifunza kusoma Kiswahili skuli hana njia ya kulijua hilo. Ingia kwenye mipangilio uyafiche maandishi ya Kilatini. Kama hayafichiki, bandika utepe wa karatasi juu ya kioo. Ni ushamba, na unafanya kazi.

## Programu yenye maikrofoni inamkatalia jibu sahihi

Hapa mtoto huwa anazijua sauti kuliko mashine. Amefundishwa chuoni kutoa ha ya kooni na aini ya kooni, anaziweka kwenye het na ayin, na mashine inasema amekosa. Israeli ya leo watu wengi hutamka het kama kha, na ayin haisikiki, imekuwa sawa na alef. Kiebrania kilifufuliwa kuwa lugha ya mazungumzo kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kazi inayohusishwa zaidi na Eliezer Ben-Yehuda aliyehamia Jerusalem mwaka 1881, na wengi wa waliokishika mwanzoni walikuwa watu wa Ulaya ambao koo zao hazikuzoea sauti hizo. Wayahudi wa Yemen wamezihifadhi, na ukimsikiliza mzee wa Kiyemeni akisoma, utamsikia mtoto wako wa chuoni.

Mashine imezoeshwa matamshi ya wengi tu. Unaweza kumfundisha mtoto matamshi mawili na kumwambia hili ndilo mashine inalolitaka. Mimi ningezima maikrofoni. Mtoto wa miaka sita akikataliwa mara nyingi jibu ambalo kila mtu mzima anamwambia ni sahihi, ataacha kusema.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha si upepo. Baraza ya pwani msimu wa kusi ni mahali pabaya pa kurekodi.

## Anasoma vizuri, kwenye imla anakosa

Mashine inasema "t", mtoto anagusa tet ט, jibu lilikuwa tav ת. Chuoni kila herufi ina sauti yake, skuli Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika, kwa hiyo anaamini sikio. Kiebrania cha leo kina jozi ambazo sikio haliwezi kuzitenga: tet na tav, kof na kaf yenye nukta, het na kaf isiyo na nukta, vav na bet isiyo na nukta, samekh na sin, na alef na ayin kwa wengi. Hakuna kanuni ya kumpa. Tahajia inakuja kwa kuliona neno mara nyingi. Ondoa imla kwa wanaoanza, uiache hadi wawe na maneno machache wanayoyajua kwa macho.

## Irabu zinamchanganya

Huyu yuko kwenye bahati asiyoijua. Kiebrania cha leo kina irabu tano, a, e, i, o, u, zilezile za Kiswahili, wakati fataha, kasra na dhuma ni tatu. Tatizo ni kwamba alama ni nyingi kuliko sauti. Kuna alama mbili kuu za a, kijistari kitupu ַ na kijistari chenye mkia ָ, na mbili za e, nukta mbili ֵ na nukta tatu ֶ. Mtoto anadhani zikiwa alama mbili lazima ziwe sauti mbili, na anaanza kubuni tofauti, mara nyingi anairefusha moja kama mada ya chuoni, ile ya kuvuta sauti. Mwambie ni dada wawili wenye sauti moja, basi.

Shva, nukta mbili zilizosimama wima ְ, mara nyingi ni sukuni, na wakati mwingine ni e fupi. Kwa mwaka wa kwanza iite sukuni. Na usiharakishe kuziondoa irabu kwa sababu umesikia magazeti ya Israeli hayana; vitabu vya watoto huko vinazo.

## Vimraba vitupu, irabu zinazoelea, maneno yaliyogeuka

Vimraba badala ya herufi maana yake kifaa hakina fonti ya Kiebrania, au programu inatumia fonti isiyo nayo. Noto Sans Hebrew ni ya bure na inatosha. Irabu zikielea pembeni au kukaa chini ya herufi ya jirani, fonti iliyopo ina herufi lakini haijui kupanga irabu; jaribu Noto Serif Hebrew, SBL Hebrew au Ezra SIL. Kama ni wewe uliyeandika neno, angalia pia mpangilio wa kuandika: herufi kwanza, irabu yake baadaye. Ukitanguliza irabu, itaipanda herufi iliyotangulia.

Neno kugeuka ni jambo la hatari zaidi kwa sababu mwalimu asiyejua Kiebrania vizuri halioni. Baadhi ya programu, hasa za kutengenezea michezo na mabango, hupanga herufi kutoka kushoto kama za Kilatini. Ziko njia nyingi za kulitambua, lakini moja ni rahisi: tafuta mojawapo ya zile herufi tano za mwishoni. Kwenye "shalom" mem ya mwisho ם inatakiwa iwe kushoto kabisa. Ukiikuta kulia, neno lote limegeuka, na darasa zima linasoma "molash". Wala usijaribu kulinyoosha kwa kuandika herufi kinyume. Siku programu itakaposasishwa litageuka tena. Tengeneza neno mahali pengine kama picha, ulibandike.

Sentensi zenye Kiswahili na Kiebrania pamoja nazo hurusha nukta na mabano mahali pasipotarajiwa. Weka kila lugha kwenye mstari wake.

## Anaduwaa, kidole hewani, hagusi kitu

Mara nyingi hajashindwa na Kiebrania. Ameshindwa na Kiingereza. Programu inamwambia kwa Kiingereza aburute herufi hadi kwenye kisanduku, naye hajui kama anaambiwa agonge, aburute au asubiri. Mweleze kwa Kiswahili mara moja, uone kidole kinavyoshuka.

Ng'ambo ya Pemba, mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 wa vijijini walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu wenyewe, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Programu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, zilisema na watoto wale kwa Kiswahili. Jambo hilo husahaulika watu wanapotaja matokeo yale kama ushahidi kwamba mtoto na kishikwambi wanatosha. Kwetu hapa lugha ya maelekezo ni ya kigeni na lugha ya somo ni ya kigeni. Mtoto hana pa kukanyaga.

Ukiwa na subira kidogo, tengeneza michezo yako kwa Scratch, programu ya kutungia michezo. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina Kiswahili kwenye orodha yake ya lugha. Ingiza herufi kama picha na utaepuka habari yote ya fonti na maneno yaliyogeuka. Maelekezo rekodi kwa sauti yako. Maneno ya Kiebrania mwombe mgeni anayeizungumza lugha hiyo akurekodie. Ni kazi ya dakika chache, na wengi watafurahi kuombwa.

## Wasichana wanasema kama wavulana

"Ani rotse" ni "nataka" ya mvulana. Ya msichana ni "ani rotsa". Kiswahili hakina tofauti hiyo, na programu nyingi zimerekodiwa kwa kiume, kwa hiyo darasa zima linasema rotse. Walio chuoni wamesikia anta na anti; waambie hapa ni ata na at. Waache wasichana wajirekodi wenyewe kwenye Scratch.

## Haifunguki, au inafunguka na kuganda

Washa hali ya ndegeni, kisha fungua kila somo utakalolitumia. Somo lisilofunguka linategemea intaneti, na siku bando likiisha litakuacha barazani na watoto kumi. Mengi yanaweza kupakuliwa mapema ukiwa kwenye mtandao. Chaji usiku, Tukuza, umeme wa kulipia kabla, huisha mchana watu wakiwa kazini. Kioo kikiruka chenyewe, tazama mkono wa pili wa mtoto kabla ya kukilaumu kifaa: wadogo hulaza kiganja kwenye kioo wakati kidole kinagusa. Mchanga na chumvi futa kwa kitambaa kikavu.

## Mzazi yuko mlangoni

"Mwalimu, mwanangu jana kaimba nini?"

Ukisikia swali hili, jibu lake liko kwenye programu. Nyingi zimetayarishwa kwa familia za Kiyahudi zinazoishi nje ya Israeli, kwa hiyo somo la siku za wiki linaishia kwenye dua ya mishumaa ya Ijumaa jioni, somo la miezi linaishia kwenye sikukuu, na wimbo wa chakula ni baraka. Kwa waliotengenezewa, ni sawa kabisa. Mtoto wa Makunduchi ataimba chochote chenye mdundo, nyumbani, mbele ya babu yake.

Sikiliza kila wimbo mpaka mwisho kabla ya watoto, si beti la kwanza tu. Funga sehemu za sikukuu kama programu inaruhusu. Kama hairuhusu, tumia masomo ya mwili, matunda, wanyama, nyumba na hesabu, uyafungue wewe mwenyewe. Mzazi mpe orodha ya maneno kabla ya somo, kwa Kiswahili, yakiwemo yale atakayoyatambua mwenyewe: sabon ni sabuni, tapuah ni tufaha, dam ni damu, sheva ni saba, elef ni elfu. Mwalike akae barazani asikilize.

Mzazi mwingine hasumbuliwi na wimbo bali na lugha yenyewe, kwa yanayotokea Palestina. Usibishane naye siasa mlangoni, na usimwambie kwamba lugha haihusiani na kitu, kwa sababu haamini hivyo na huenda hata wewe huamini. Mwonyeshe daftari la mtoto, mweleze nini kimefundishwa na nini hakitafundishwa. Akisema inatosha, mpe daftari aende na mwanawe, na nafasi yake kwenye kishikwambi ichukuliwe na aliyekuwa akisubiri zamu.